Sura ya 6: Lita Moja kwa Dakika

Injini iliyopungukiwa mafuta haizimi ghafla. Huvuta vizuri gia ya pili, huvuta vizuri ya tatu, na ukiingiza ya nne kwenye barabara nyoofu, mguu ukiwa umekanyaga mpaka mwisho, huendelea kuvuta kwa sekunde kadhaa halafu hulegea. Hakuna mlio wa chuma wala moshi. Ukiinua mguu ukasubiri kidogo, nguvu hurudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Wengi wakiona hivyo hukimbilia plagi, koili na jeti za kabureta. Hubadilisha kimoja baada ya kingine, pesa zinakwenda, na gari linabaki vilevile. Mara nyingi kosa liko kwenye pampu. Mafuta inayaleta, ila haiyaleti haraka kama injini inavyoyachoma.

Kinachotudanganya ni bakuli la kabureta. Kabureta haivuti mafuta moja kwa moja kutoka kwenye paipu. Huyavuta kwenye bakuli lake dogo, ambamo boya hupanda na kushuka likifungua na kufunga sindano ya mlangoni. Bakuli likiwa limejaa, hata pampu dhaifu inaonekana nzima. Mjini hutajua kitu. Utajua siku unapolitaka gari litoe nguvu zake zote kwa muda mrefu kuliko akiba ya bakuli.

Katika sura hii nitashika injini moja, maana ushauri wa jumla kuhusu pampu haumsaidii mtu aliyesimama dukani na pesa mkononi. Injini hiyo ni L24 ya Nissan, silinda sita, sentimita za ujazo 2,393, iliyofungwa kwenye Datsun 240Z. Afrika Mashariki inaifahamu. Edgar Herrmann na Hans Schüller waliipa ushindi wa Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia kwa gari la aina hiyohiyo, mwaka ambao Mehta alimaliza akiwa na pointi sawa na Harry Källström wa Datsun 180B kabla ya ushindi kuamuliwa kuwa wake. Magari ya ukoo huu bado yanakimbia katika Safari ya magari ya zamani iliyoanza mwaka 2003, na mengine yanatunzwa na watu wanaoyapenda tu. Wengi wao hutoa kabureta mbili za kiwandani na kufunga tatu za Weber DCOE au Mikuni. Wakiongeza kamshafti kali na kazi nzuri ya silinda hedi, nguvu 200 za farasi zinafikika.

Basi tuanze na hesabu, kwa sababu hapa ndipo kubahatisha kunapokomea. Injini ya petroli yenye kabureta, ikifanya kazi kwa nguvu zote, huchoma takriban nusu pauni ya mafuta kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi, yaani karibu gramu 227. Zidisha mara 200: kilo 45 kwa saa. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama kilo 0.74, kwa hiyo tunapata lita 61 kwa saa. Hiyo ni lita moja na tone kwa dakika. Jenga tabia ya kuiwaza kwa dakika, kwa maana hakuna anayekanyaga mpaka mwisho kwa saa nzima, lakini dakika moja ya kupanda mlima kwa gia ya tatu ni jambo la kawaida. Ongeza theluthi juu yake kwa ajili ya filta inayoanza kuziba, betri iliyochoka na pampu itakayozeeka. Tunahitaji pampu inayotoa lita 80 kwa saa.

Lakini lita 80 zipimwe wapi? Swali hili ndilo linalotenganisha pampu nzuri na boksi zuri. Namba kubwa inayoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya mafuta yanayomwagika bila kizuizi chochote, mdomo wa pampu ukiwa wazi. Kwenye gari mdomo hauko wazi: kuna paipu ndefu, kona, filta, na sindano ya kabureta inayofungwa na kufunguliwa. Holley Red, pampu ya Kimarekani inayofahamika sana, hutangazwa kwa galoni 97 za Marekani kwa saa, karibu lita 367. Ikisukuma dhidi ya presha ya psi 4, inashuka hadi galoni 71, kama lita 269. Kwa L24 yetu bado ni nyingi kupita kiasi, lakini tazama jinsi zaidi ya robo ilivyopotea. Pampu ndogo nayo inaporomoka hivyohivyo, na kwake kinachobaki kinaweza kuwa chini ya unachohitaji. Kwa hiyo unapouliza bei, uliza pia inatoa lita ngapi kwa presha ya kabureta yako. Muuzaji akikosa jibu, tafuta chati ya mtengenezaji mwenyewe.

Sasa tuje kwenye presha, mahali ambapo nimeona imani potofu nyingi kuliko popote. Presha haiongezi nguvu ya injini. Kazi yake ni kuyafikisha mafuta kwenye bakuli tu. Kutoka hapo ni hewa inayopita kwenye koo la kabureta ndiyo inayoyavuta kupitia jeti. Weber DCOE hutaka karibu psi 3. Kabureta za SU ziko hapohapo au chini kidogo. Holley kubwa za injini za V8 za Marekani hustahimili 6 hadi 7. Ukizidisha, mafuta yanaishinda sindano.

Fungua kifuniko cha DCOE uone mwenyewe. Tundu la sindano lenye alama ya 1.75 lina kipenyo cha milimita 1.75, maana yake eneo lake ni kama milimita mraba 2.4, dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Kwa psi 3, mafuta huisukuma sindano kwa nguvu ya gramu 5 hivi. Kwa psi 7 inakuwa gramu 12. Boya la shaba linalotakiwa kuizuia lina uzito wa gramu 26 tu, na linafanya kazi yake kwa kuelea, katika gari linalorukaruka kwenye mashimo. Sasa chukua pampu ya gari la injeksheni, inayoweza kufika psi 45: gramu 76 juu ya sindano hiyohiyo. Boya halina lake hapo. Bakuli linafurika, petroli inamwagika kwenye koo la kabureta, inaosha oili kwenye kuta za silinda, na nyingine inadondokea juu ya bomba za moshi zilizo moto.

Naisema kwa mkazo kwa sababu kishawishi kipo. Pampu za injeksheni zilizotumika zimejaa madukani kote, kuanzia Gerezani ya Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road ya Nairobi, na ni rahisi kuliko pampu halisi za kabureta. Fundi mwenye haraka anaifunga, injini inawaka, mteja analipa. Zipo njia za kuishusha presha hiyo kwa regyuleta yenye paipu ya kurudisha mafuta tangini, na watu wenye injini kubwa sana hufanya hivyo kwa sababu maalumu. Kwa nguvu 200 huna sababu hiyo. Tafuta pampu iliyozaliwa kwa ajili ya presha ndogo.

Kabla ya kununua chochote, mtazame kwanza mzee aliyekuja na gari: pampu ya kawaida isiyo ya umeme. Kwenye L24 imefungwa ubavuni mwa silinda hedi, upande wa kulia, na mkono wake unasukumwa na kamshafti. Mkono ukivuta diaframu chini, mafuta yanaingia. Ukiachia, springi ndiyo inayoisukuma diaframu juu na kuyatoa mafuta. Presha ya pampu hii inatoka kwenye springi, haitoki kwenye mizunguko ya injini. Bakuli likijaa na sindano ikifunga, diaframu inabaki chini na mkono unacheza bure mpaka kabureta ihitaji tena. Inajirekebisha yenyewe, haina waya hata mmoja, na injini ikizimika nayo inasimama. Kwa injini ya kiwandani, au iliyoongezwa nguvu kidogo tu, sioni faida ya kuitoa ikiwa ni nzima. Ukibadilisha, usitupe kile kipande kinene kinachokaa kati yake na hedi. Kinazuia joto lisipande kwenye pampu, na unene wake ndio unaopanga mkono uguse kamshafti kwa kiasi gani.

Udhaifu wake ni mahali ilipo. Tangi liko nyuma na pampu iko mbele, kwa hiyo inavuta mafuta njia nzima. Mtu anayenyonya dafu kwa mrija anajua kwamba akivuta kwa nguvu, mrija ukiwa na ufa mdogo, anapata hewa kuliko maji. Paipu ya mafuta iliyozeeka viungio ni hivyohivyo, na haitadondosha hata tone la kukuonyesha ilipotoboka. Mbaya zaidi ni joto. Petroli ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 hivi. Ukiivuta unaipunguzia mgandamizo, na kimiminika chochote kikipunguziwa mgandamizo huchemka mapema. Mvuke unajaa kwenye paipu, na pampu iliyotengenezwa kusukuma kimiminika inabaki kuuminya mvuke bila kuupeleka popote.

Miinuko ya Kenya inaliongeza tatizo hili. Mombasa mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 101. Nairobi, mita 1,700 juu, ni karibu 82. Ukipanda hadi Timboroa, karibu mita 2,700, inabaki 73. Injini nayo huko juu inakosa hewa, hivyo inachoma mafuta kidogo kuliko pwani. Kwa hiyo gari moja lina dakika mbili ngumu zisizofanana. Ya kwanza ni ya wingi wa mafuta, na iko chini usawa wa bahari, ambako injini inapumua vizuri na kutoa nguvu zake zote. Ya pili ni ya mvuke, na iko juu: umepanda kwa nguvu mchana wa jua, halafu ukakutana na foleni ya malori, hewa haipiti tena kwenye boneti. Pampu inayofaulu mtihani mmoja inaweza kufeli mwingine. Ukichagua kwa kutazama lita peke yake, umejibu nusu ya swali.

L24 ina ugumu wake wa ziada. Kabureta na bomba za kutolea moshi ziko upande mmoja wa injini, kabureta juu, moto chini yake. Waliokuwa na 240Z za Marekani za mwaka 1973 waliteswa sana na mvuke, na ilipokuja 260Z mwaka 1974 ilikuwa na pampu ya umeme nyuma pamoja na ile ya kawaida mbele. Wahandisi wa Nissan walipoona gari lao linachemsha mafuta, hawakukimbilia pampu kubwa zaidi pale mbele. Waliongeza msukumo kutokea tangini.

Huo ndio ushauri wangu pia kwa gari la nguvu 200: pampu ya umeme ya presha ndogo, ifungwe karibu kabisa na tangi, chini ya usawa wa mafuta kama inawezekana. Pampu hizi ni hodari wa kusukuma na wavivu wa kuvuta. Ukiifunga mbele kwa kuwa pana nafasi, umenunua matatizo ya pampu ya zamani na kuyawekea waya. Ikiwa nyuma, paipu nzima inakuwa ndani ya msukumo. Psi 4 ni kilopaskali 28. Ziongeze juu ya 82 za Nairobi upate 110. Mafuta yaliyo ndani ya paipu hiyo yanakuwa kwenye mgandamizo mkubwa kuliko yangekuwa wazi ufukweni Mombasa, na mvuke unapungua hapo hapo.

Zile pampu ndogo za mstatili za kampuni ya Facet, zinazogonga tik-tik, zinafaa, ni ngumu, na hazichoki upesi. Angalizo moja tu: kuna za psi chache na kuna zinazokaribia 10, na kwa macho zinafanana kabisa. Soma namba iliyo kwenye mwili wa pampu, usiamini rangi wala maneno ya aliyeitoa kwenye gari jingine. Zile za mviringo za kampuni hiyohiyo zinatoa mafuta mengi zaidi, na kwa nguvu 200 ndizo ningezitazama kwanza. Holley Red ni kubwa mno kwa kazi hii, ina kelele, inakula umeme, na psi 7 zake lazima zishushwe kabla ya Weber.

Kushusha presha ni kazi ya regyuleta. Ya bei nafuu hubana njia tu, na pampu inasukumana na mlango uliofungwa. Nyingine huachia ziada irudi tangini. Mahali penye joto nachagua ya pili bila kusita, kwa kuwa mafuta hayalali mbele karibu na moto. Yanazunguka na kurudi nyuma yakiwa bado ya baridi. 240Z ilitoka kiwandani na paipu ya kurudishia. Wengi huiziba wanapofunga kabureta tatu, wakidhani ni mapambo. Iache.

Wapo wanaobakiza pampu zote mbili, ya umeme ikilisha ya kawaida. Siupendi mpango huo. Diaframu ya mbele ikichanika, pampu ya umeme haijui. Itaendelea kusukuma petroli kupitia ufa huo, na nyingine itashukia kwenye oili ya injini. Ukichomoa kijiti cha oili ukasikia harufu ya petroli na oili imepanda juu ya alama, usiwashe tena. Ukiamua kwenda na umeme, itoe ya mbele na uzibe nafasi yake kwa bamba na gasketi.

Bado kuna nguvu moja inayosahaulika, nayo ni mwendo wenyewe. Gari linapochomoka, mafuta yaliyomo kwenye paipu yanabaki nyuma kama abiria anavyobanwa kwenye kiti. Paipu ya mita 3, gari likiongeza kasi kwa kiwango sawa na mvutano wa dunia, inaila pampu karibu psi 3.2 kabla mafuta hayajafika mbele. Ndiyo maana magari ya Marekani ya mbio za robo maili hufungwa pampu za psi 15 na zaidi nyuma, na regyuleta mbele kabisa, karibu na kabureta. Gari letu halichomoki hivyo, lakini linaweza kupoteza psi moja na nusu kwenye gia ya kwanza. Weka regyuleta mbele. Ikikaa nyuma ikashusha presha hadi 3, baada ya kodi ya mwendo kabureta itabaki na nusu.

Kuhusu paipu sina mengi: ya milimita 8 inatosha kwa lita 61, mradi haina mikunjo mikali na mipira ni mipya. Umeme ndio unaodharauliwa. Tumia relei, waya mnene, na erthi iliyokwanguliwa mpaka chuma. Kisha pima volti kwenye pampu yenyewe, ikiwa inafanya kazi na injini inanguruma. Ukipata 11 wakati altaneta inatoa 14, pampu nzuri imegeuzwa kuwa dhaifu na waya wa shilingi chache.

Kipimo cha mwisho ni barabarani. Funga geji ndogo ya presha kwa kiungio cha njia tatu baada ya regyuleta, uivute kwa mpira wa petroli mpaka nje ya kioo cha mbele, uibane kwa utepe wa gundi chini ya waipa. Nje, narudia, mpira wenye petroli hauingizwi ndani ya gari. Tafuta barabara iliyofungwa au uwanja wa mbio, mwenzako awe anasoma geji wewe ukitazama mbele. Kanyaga mpaka mwisho kwa gia ya tatu na ya nne. Sindano ya geji itashuka kidogo injini ikianza kunywa, kisha itulie. Ikitulia kwenye psi 2 na nusu au zaidi, mafuta yanatosha, na kama injini bado inalegea sasa unaweza kugusa jeti na plagi kwa haki. Ikiendelea kuporomoka kuelekea sifuri kwa kadiri unavyokanyaga, umepata jibu lako. Rudia mchana wa jua kali, baada ya kusimama dakika kumi na injini ikiwa ya moto, kwa ajili ya ile dakika ngumu ya pili, ya mvuke.

Usilipeleke gari mbio kabla ya kufunga kinga. Pampu ya zamani ilisimama injini ikisimama. Ya umeme itaendelea kusukuma petroli hata gari likiwa limelala kichwa chini, mradi swichi imewashwa. Pitisha umeme wa relei kwenye swichi ya presha ya oili, na njia ya pili, ya wakati wa kuwasha tu, kutoka kwenye stata. Ongeza swichi inayojikata gari likigonga. Halafu jaribu kabla ya kushusha boneti: injini ikiwa inanguruma taratibu, chomoa waya wa swichi ya oili. Pampu inatakiwa inyamaze papo hapo, injini iendelee kidogo kwa mafuta yaliyobaki kwenye mabakuli, kisha izime yenyewe. Pampu ikiendelea kugonga, usilitoe gari gereji.